Kidude Kinachotafuta Kwao

Tabora, 8 Januari 2024

Mtani wangu Shomari,

Pokea salamu nyingi, ingawa sijui Mzaramo anakuwaje mzima mwezi mzima bila ngoma. Mimi mzima, ila masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Simu ikiita naiona inatetemeka mezani tu, na nikiipokea nasikia nyuki. Kwa hiyo usijisumbue kupiga. Andika, mpe kondakta wa basi, kama tulivyozoea tangu ulipotukimbia ukaenda kufungua karakana yako Kibaha.

Mimi bado nipo palepale, kwenye banda la marehemu Mzee Humaidi alikotufundisha kazi sisi wote wawili. Mjane wake, Bi Salme, ndiye mwenye nyumba wangu, na bado anapita kila Ijumaa kuangalia kama nimefagia.

Sasa sikia habari. Binti yangu Levina amemaliza chuo na amerudi na kidude. Ni kasha dogo lenye kioo cha kompyuta, na mota mbili ndogo kama makopo ya maziwa. Amekifunga kwa bolti kwenye kerezo letu la kuchongea vyuma, lile lile la zamani ulilokuwa ukiliita Bibi. Siku hizi kisu hakisukumwi na mkono wa mtu. Unaandika vipimo kwenye kioo, kisu kinakwenda chenyewe, kinakata, kinarudi, kinakwenda tena. Juzi Mhoja wa kule Choma alileta shafti ya mashine yake ya kusaga. Kidude kilipomaliza nikaipima, ikawa sawa. Nikaipima tena kwa hasira, ikawa sawa tu.

Nikwambie kweli, mtani? Kinanitisha. Vile vigurudumu tulivyovizungusha kwa mkono mpaka viganja vikaota sugu, sasa vinazunguka vyenyewe, hakuna aliyevishika. Nikiwa peke yangu bandani sikipi mgongo. Levina akiniona hivyo anacheka mpaka anakaa chini.

Nasikia na wewe umefungiwa cha namna hiyo hiyo. Umekizoea? Au Mzaramo ameona mashine inafanya kazi yenyewe, akatandika mkeka akalala?

Mtani wako,
Zablon


Kibaha, 17 Januari 2024

Zablon,

Barua nimeipata. Niwie radhi kwa mwandiko. Sitaandika mengi.

Umeme ukikatika, zima swichi ya kerezo. Najua unaiacha wazi, kwa sababu hata mimi nilikuwa naiacha. Ndivyo Mzee Humaidi alivyotuzoesha: swichi isiguswe, klachi ilegezwe, ili umeme ukirudi mota ingurume na mtaa mzima ujue. Kwa kerezo tupu hakuna ubaya. Mota inanguruma, chuma hakizunguki, kisu kinabaki pale ulipokiacha.

Kidude siyo hivyo. Umeme ukirudi kinaamka, na kikiamka kinatafuta kwao. Kuna mahali kimepangiwa pa kuanzia kazi, karibu kabisa na yale meno yanayobana chuma, na lazima kifike hapo kwanza. Kinasukuma kisu mpaka kifike. Hakiulizi nani yuko njiani.

Hapa kwangu kuna mtu kimempitia. Umeme ulikuwa umekatika, yeye akawa anasafisha.

Naogopa, Zablon. Zima swichi. Na kile kitufe chekundu cha kusimamisha kidude Levina akibonyeze kabla hajaingiza mkono, kila mara, hata kama umeme haupo.

Shomari


Tabora, 26 Januari 2024

Wee Mzaramo wee!

Umenivunja mbavu. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa bandani, na akina mama waliokuwa wakisubiri unga kwenye mashine ya kusaga ya jirani wakaja kusikiliza. Bertila, yule mwenye mashine, amesema nikuulize kama hicho kidude cha Kibaha kinakula na wali.

Na mwandiko gani ule? Kama kuku kapita kwenye majivu! Ulikuwa unaandika ukiwa juu ya mnazi?

Halafu jifunze kudanganya. "Kuna mtu kimempitia." Mtu gani? Hana jina, hana kwao, hana mke? Ukimtungia mtu mkosi, mtani, mpe na jina tumlilie.

Swichi sizimi. Kwanza mimi sisikii, na umeme ukirudi nausikia kwa nyayo. Nakaa kwenye kigoda changu, viatu nimevua, mota ikinguruma sakafu inaniambia. Nikiizima nitajuaje? Nitakaa hapa kama mzigo stesheni. Pili, mtaa huu wote unasikilizia kerezo langu. Bertila hafungui mashine yake mpaka Bibi amenguruma. Nianze leo kuwanyima watu habari kwa sababu ya Mzaramo mmoja mwenye ndoto mbaya?

Na hivi karibuni mgao umezidi, umeme unakatika asubuhi, unakatika mchana. Levina ndiyo anapata nafasi ya kusafisha. Anapandisha mkono wa shati, anaingiza kiganja kule ndani mpaka kifundo, anachomoa nyuzi za chuma kwa vidole, moja moja, kama mama anayemtoa mtoto chawa. Brashi anasema haifiki.

Ila nikupe na chako. Jumanne umeme uliporudi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikakiona kigurudumu kikizunguka na kisu kikasogea. Levina alikuwa ametoka kununua maji. Nywele zikanisimama, sikufichi. Alivyorudi nikamwambia. Akasema, "Baba, kinakwenda polepole, mtu ana macho ataondoa mkono. Na hizo mota ni ndogo, kikigusa kitu kitasimama." Amekisomea, mimi nani nibishane naye? Nikarudi kwenye kigoda.

Leta uongo mwingine, huu umekwisha utamu.

Mpagazi wako,
Zablon


Kibaha, 2 Februari 2024

Zablon,

Yule mtu ana jina. Anaitwa Shomari. Kwao ni Kisarawe, ana mke na wajukuu, na wewe unamjua.

Nilikuonea aibu. Ningeandika "mimi" katika barua ya kwanza ungenicheka, na kunicheka ni haki yako, sisi ni watani. Lakini nilikuwa bado sitaki kuchekwa. Nikaandika "mtu". Nilidhani itatosha.

Ilikuwa mchana, jua kali, umeme haupo. Nilikuwa nachomoa nyuzi za chuma hivyo hivyo kama anavyofanya Levina. Mteja akaniita mlangoni, nikageuza shingo tu, mkono nikauacha. Kinakwenda polepole, ndiyo, hapo Levina amesema kweli. Ndiyo maana sikukisikia. Nilihisi kitu kinaniegemea kwenye vidole, kama mtu anapita kwenye msongamano. Nilipogeuka kilikuwa kimeshanibana kwenye yale meno, na kikishakubana mkono hautoki. Nilivuta. Nikapiga kelele. Kidude hakina masikio, mtani. Mota ni ndogo lakini inasukuma kwa skrubu, na skrubu ile inaweza kunyanyua injini ya gari. Kiliendelea vile vile, bila haraka, mpaka kikafika kwao. Ndipo kikasimama.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Naandika kwa kushoto.

Nilipopata ile barua yako ya pili nilimpigia simu Levina siku hiyo hiyo. Nilimwambia yote. Akasema, "Shikamoo baba Shomari," halafu akaangua kicheko. Akaniambia, "Baba alisema tu utapiga, tumewekeana soda, na soda nimeliwa." Nikamtumia picha ya mkono. Akanirudishia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Nitakuapia kwa nini ili uamini? Kila kiapo tumeshakichezea. Nilishakuapia kwa kaburi la mama yangu kwamba chui ameingia sokoni. Wewe siku ya kumzika huyo mama ulilala kaburini ukagoma kutoka mpaka upewe kuku. Nimetafuta neno ambalo mimi na wewe hatujalifanyia mzaha, sijalipata.

Usiku silali. Naona kile kiganja cha binti kikiingia mpaka kifundo. Nilimbeba yule mtoto mgongoni. Zima swichi, ndugu yangu. Nakuomba.

Shomari


Tabora, 9 Februari 2024

Mzaramo,

Juzi aliyeumia ni "mtu". Leo ni wewe. Barua ijayo utaniandikia ukiwa marehemu, na nitakujibu kwa anwani ya ahera.

Picha tumeiona. Bandeji safi kweli, kama kilemba cha bwana harusi. Lakini umesahau? Siku ya kipaimara cha Levina ulishuka kwenye treni mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Tukakukalisha kwenye kochi, mama watoto akakukandia maji ya moto, ukala mapaja ya kuku yote mawili maana mgonjwa hanyimwi. Ngoma ilipolia ulikuwa wa kwanza uwanjani, na bandeji ukaifanya mkanda! Sasa bandeji imepanda mkononi unataka nilie? Kwa utani huu nakupa heko. Umeupika vizuri kuliko ule wa chui. Levina ameuliza mara mbili kama ningependa abadilishe kipengele kimoja kwenye kioo, ili umeme ukirudi kidude kikae kimya kisubiri amri. Anasema ni kazi ndogo. Nimemkataza. Akibadilisha umeshinda, na utatangaza mpaka Bagamoyo kwamba umemtisha Mnyamwezi kwa karatasi.

Kazi ni nyingi. Usiponijibu nitajua umelala.

Zablon


Kibaha, 13 Februari 2024

Bi Salme,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

Mimi ni Shomari, niliyefanya kazi kwa marehemu Mzee Humaidi, mimi na Zablon, kabla sijahamia huku. Utanikumbuka, mimi ndiye uliyekuwa ukinifukuza jikoni.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe si mtani wangu. Huko Tabora sina mwingine wa kumwambia neno likapokewa kama neno. Wanyamwezi wote pale mtaani, nikisema nyumba inaungua, watachota maji ya kuninawisha uso. Na sikukupigia simu kwa sababu nataka uwe na karatasi mkononi ukienda kwake.

Kile kidude cha kompyuta walichokifunga kwenye kerezo kimenikata vidole vitatu. Umeme ulikuwa umekatika, swichi nimeiacha wazi, mkono uko ndani, umeme ukarudi. Zablon anaacha swichi wazi kila siku. Na binti yake anaingiza mkono pale pale, kila umeme unapokatika. Nimewaandikia, nimepiga simu, nimetuma picha. Wanacheka.

Pamoja na barua hii nimeweka nakala ya cheti cha hospitali. Sikumpelekea Zablon, angesema nimekichapisha mwenyewe.

Banda ni lako na umeme wa banda ni wako. Nenda, Bi Salme. Usingoje Ijumaa. Kila nikisikia umeme umerudi hapa kwangu nakaa chini, kwa sababu nafikiri labda na Tabora umerudi.

Wako mtiifu,
Shomari


Tabora, 21 Februari 2024

Ndugu Shomari,

Waaleikum salaam, na marahaba. Nakukumbuka vizuri, na sufuria uliyoitoboa naikumbuka pia.

Pole sana kwa yaliyokupata. Cheti nimekisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa.

Barua ilinifikia jana saa nne asubuhi. Nilichukua bajaji hapo hapo. Nilipofika umeme ulikuwa haupo. Zablon yuko kwenye kigoda, miguu mitupu, anasinzia. Levina amepiga magoti mbele ya mashine na mkono wake uko ndani. Anaimba. Nilikwenda nikamshika bega nikamvuta, akaanguka matako chini, akanitazama kama nimerukwa na akili.

Nikampa Zablon barua yako na cheti. Akasoma, akasimama akanipigia saluti. Akasema, "Bi mkubwa, na wewe amekupata! Tena umemlipia na nauli ya bajaji!" Nikamwonyesha muhuri. Akasema mihuri inachongwa, na kwamba yeye mwenyewe ameshachonga ya mchezo, nyote wawili mnajua. Shomari, nyinyi watu na utani wenu mnanitia hofu kuliko hiyo mashine. Mmechekeana miaka yote hiyo hamkujiachia hata mlango mmoja wa kusemea kweli.

Sikubishana naye. Mimi si fundi, sijui kidude kinatafuta nini, ila najua sanduku la umeme la banda langu liko wapi. Nimeteremsha swichi kubwa ukutani, nikafunga sanduku kwa kufuli, ufunguo ninao hapa kwenye pindo la kanga. Nimemwambia nitafungua siku kidude kitakapong'olewa, au binti atakapokirekebisha.

Amekasirika vibaya. Hanisalimii. Leo asubuhi amepita mbele ya baraza yangu na muhogo mkubwa begani, mbichi, na udongo wake, akaninyooshea kidole. Amenialika kesho bandani nije na ufunguo, na amealika mtaa mzima. Anasema atakuumbua mbele za watu. Sijui anataka kufanya nini. Nitakwenda, na nitasimama kati ya binti na mashine, hata kama ni kwa nguvu.

Tuombee.

Salme binti Alamin


Tabora, 1 Machi 2024

Shomari,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo nitaimaliza hata ikiwa mbaya.

Nilinunua muhogo kwa sababu wewe ni Mzaramo. Nikaumenya, nikauchonga kwa kisu changu cha mfukoni. Nikaufanya kiganja na vidole, na kucha nikaziweka, maana mimi nikifanya kitu nakifanya. Nikauvisha kipande cha mkono wa shati la zamani la Levina. Watu walicheka mpaka Bertila akamwaga unga. Nikatangaza: tutamweka Mzaramo huyu ndani ya kerezo pale pale Levina anapoweka mkono, swichi wazi, na tusubiri umeme. Kidude kikimgusa kikasimama, Bi Salme atanirudishia ufunguo mbele ya wote, na Shomari ataitwa mwongo mpaka huko pwani babu zetu walikofikisha mizigo.

Bi Salme alifungua sanduku, akapandisha swichi kubwa. Halafu akaja akasimama mbele ya Levina, akamzuia kwa mgongo wake. Nikamcheka na yeye.

Umeme wa mgao ulikuwa haujarudi, tukakaa. Watu wakala karanga. Umeme ulirudi wakati wa adhuhuri. Nilijua kabla yao, kwa nyayo. Nikainua mkono nikasema, "Haya, tazameni!"

Kigurudumu kikaanza kuzunguka. Taratibu, kama kuna mtu amekaa pale amekishika, ana siku nzima. Kisu kikaja. Kikaugusa muhogo. Nikasema moyoni, sasa. Sasa kitasimama.

Shomari, hakikusita. Nilikuwa nakitazama kigurudumu, hakikubadilisha hata mwendo. Kilikuja vile vile kilivyokuwa kinakuja kabla hakijagusa kitu. Muhogo ukajikunja, ukatoa maziwa, vidole vikakatika kimoja baada ya kingine vikaanguka kwenye sinia ya kukingia nyuzi za chuma. Kisha kisu kikaendelea kidogo, kikafika kwao, na kile kitaa cha kijani kikawaka, kile ambacho huwaka kazi ikienda vizuri.

Mimi sisikii, lakini niliona midomo ya watu. Ilikuwa wazi yote. Nilimtafuta Levina. Alikuwa ameficha mikono kwapani, yote miwili. Nilikwenda kumshika akanisukuma. Akasema neno, nikamwambia rudia, nikamtazama mdomo. Alisema, "Baba, mara ngapi?"

Sijui mara ngapi. Kila umeme ulipokatika mkono wake ulikuwa mle. Nilikuwa nimekaa pale nasinzia.

Alikwenda kwenye kioo mwenyewe, hakuniomba ruhusa, akakibadilisha. Kazi ilikuwa ndogo kama alivyosema, hata karanga zangu nilikuwa sijameza. Sasa umeme ukirudi kidude kinawaka tu, kinangoja. Swichi nazima mimi kwa mkono wangu, na kila nikiizima narudi kuitazama tena. Bado hataki kukaa bandani peke yake na mimi. Chakula ananiwekea na kuondoka. Jana nilimwona uani anakunja na kukunjua vidole, anavitazama, alipojua namwangalia akaingia ndani.

Naogopa hata sasa. Nikifumba macho nakiona kigurudumu. Wewe ulikuwa unaogopa hivi tangu Januari, peke yako huko, na mimi nilikuwa nasomea watu barua zako kwenye foleni ya unga.

Nimezichukua tena. Nimeweka ile ya kwanza kwenye meza, nikashika kalamu kwa mkono wa kushoto nikajaribu kuandika jina langu. Nilishindwa kumaliza. Wewe uliniandikia kurasa.

Usiku ule wa muhogo nilitaka kukupigia simu, nikakumbuka nisingekusikia. Levina alikupigia, najua, na najua alilia, lakini hakuniambia mlisema nini na sikuthubutu kumuuliza.

Nimekata tiketi ya basi, nitaingia Kibaha Jumapili ya wiki ijayo. Shemeji asipike chochote. Nakuja kukuona tu. Tukikutana huwa nakukamata mkono wa kulia nakuvuta nusura nikung'oe bega, huku nakutukana, na wewe unanitukana, watu wa stendi wanasimama kutazama. Safari hii sijui nitashika wapi.

Kwa hiyo nakuomba, usije stendi kunipokea. Nitauliza njia. Nisubiri chumbani, mlango urudishe, niingie mwenyewe. Naogopa kuuona mkono wako mbele za watu.

Ndugu yako,
Zablon